Mpasua Magodoro

Ukitaka kununua godoro Butembo na hutaki kulala juu ya takataka za watu, mtafute Kitsa Éliakim. Utamkuta asubuhi kwenye ngazi za duka moja la misumari, na wembe wake uliofungwa kwa karatasi, sindano ndefu iliyopinda, na uzi wa nailoni uliozungushwa kwenye kijiti. Mwambie shida yako, atakufuata dukani. Hasemi mengi, na ukimchekesha hacheki.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi sijaona kibaya kinachojitembeza kwa maringo kama godoro. Nje maua mekundu, nailoni inang'aa, lakini ndani nani anajua? Wajanja husaga sponji kuukuu, ile ambayo kule huitwa musse, wakaigandisha kwa gundi kali, wakaongeza matambara ya karakana na vipande vya mifuko. Baada ya miezi mitatu mtoto anakohoa, na nyumba nzima inalaumu baridi ya Butembo. Maskini baridi, inasingiziwa mengi.

Kitsa hulikandamiza godoro kwa goti, hulinusa pembeni, kisha huomba ruhusa ya kufungua mshono upande wa miguu, upana wa kiganja tu. Mwenye duka akikataa, Kitsa hutikisa kichwa na mnunuzi huondoka. Akikubali, mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko na kutoka na kipande kidogo, kinasuguliwa, kinanuswa. Halafu anashona. Mshono wake hutauona hata ukiutafuta kwa tochi.

Watu humlipa, humshukuru, na kwenda zao na godoro lao. Hakuna anayemuuliza amekula nini wala nani anamngoja nyumbani. Hakuna anayemngoja. Amepanga chumba kimoja mtaa wa Furu, na yeye, bingwa wa magodoro wa mji mzima, analala juu ya mbao na blanketi mbili. Mganga hajigangi. Ukimuuliza atakuambia mgongo wake umezoea, nawe usimwamini.

Miaka saba nyuma alikuwa mkulima wa kakao Mangina, kule Mabalako, mwenye mke aitwaye Victoire na binti mmoja, Christa. Ebola ilipoingia, Kitsa alijiandikisha kwenye kikosi cha kunyunyiza dawa katika nyumba za wagonjwa. Amri ya kazi ilikuwa moja: godoro la marehemu linachomwa kama lilivyo, halifunguliwi, hakuna kubishana. Alichoma mengi. Majirani wakaanza kuvuka upande wa pili wa njia wanapomwona.

Kisha akafa mama mkwe wake. Siku ile zamu ilikuwa ya Kitsa, na angeweza kumwachia mwenzake. Hakumwachia. Kosa lake lilikuwa hilo, nalisema bila kumung'unya maneno: alidhani ni heshima, kwamba afadhali mkono wa mkwe kuliko mkono wa mgeni. Mkwe mwenye adabu haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Yeye aliingia na mabuti.

Victoire alikuwa amesimama nje ya ua, amezuiliwa. Alipoona godoro linatolewa alipiga kelele: "Fungua kwanza! Picha ya Papa iko ndani!" Tangu enzi za vita, waporaji walipokuwa wakibeba hadi masufuria, mama yake alikuwa ameishona humo picha ya marehemu mumewe, ile moja tu waliyokuwa nayo. Kitsa alisikia. Wapo wanaosema mavazi yale ya kujikinga na miwani vinaziba masikio, ila yeye hajawahi kujitetea hivyo. Alisikia, akawasha moto.

Amri ilikuwa sahihi, na ugonjwa haukumshika mwingine katika ukoo ule. Lakini Victoire hakuongea naye tena. Matanga yalipokwisha alimchukua Christa, akaenda kwa dada yake mjini Beni. Hawakuachana mbele ya kanisa wala mbele ya wazee. Aliondoka tu. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo alimfuata Kitsa hadi Butembo, wakapanga chumba kimoja.

Christa, ambaye sasa ana miaka kumi na tisa, humpigia baba yake simu kila Jumapili baada ya misa. Mama yake hajawahi kuishika simu hiyo. Jumapili moja ya Septemba alipiga mapema.

"Papa, Mama anakohoa ile mubaya. Docteur anasema mapafu haina kitu. Donc nikapasula matela yake kidogo, vile weye unafanyaka. Papa, ndani ni musse ya kusaga na colle! Inanuka mpaka macho inatoka machozi."

"Nani alibauzishia hiyo?"

"Mutu moja ya kupita na baiskeli. Mais Mama anasema..."

"Anasema nini?"

"Anasema: 'Uliza baba yako atuchagulie ingine.'"

Kitsa alimwomba arudie. Akamwomba arudie tena. Miaka saba, na hilo lilikuwa neno la kwanza Victoire kumtumia. Simu ilikatika, naye akabaki ameishika sikioni.

Wiki ile hakwenda kwenye ngazi zake. Aliingia maduka kumi na moja akapasua magodoro kumi na tisa, na wenye maduka waliomchukia siku zote walipata sababu mpya ya kumcheka. Mkono uliowachagulia watu mia bila kusita sasa haukuamini chochote. Hatimaye, kwa mfanyabiashara mmoja aitwaye Phinées, alikuta sponji nyeupe, pande moja kutoka juu hadi chini. Hakuridhika. Alikata kipande, akakifungia ndani ya kopo, akaliweka kopo karibu na mbabula, jiko la makaa, hadi likapata moto, maana gundi iliyofichwa hujificha kwenye baridi lakini joto huitoa. Akafunua, akanusa. Harufu ya nguo mpya tu.

"Iko ya mutu moja na ya batu babili," Phinées akamwambia. "Unabeba gani, Papa Kitsa?"

Angeweza kumpigia Christa. Lilikuwa swali la nusu dakika. Lakini ukiuliza utajibiwa, na yapo majibu ambayo mtu hataki kuyasikia kabla ya safari.

"Ya batu babili," alisema, akitazama chini kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

Alhamisi alilikunja godoro, akalifunika kwa turubai, akalifunga nyuma ya pikipiki, na yeye akabanwa kati yake na dereva mpaka Beni. Njia nzima alipanga hotuba. Ilikuwa ndefu, ilikuwa na Mungu ndani yake, ilikuwa nzuri.

Victoire alitoka mlangoni. Mvi zilikuwa zimemwingia na mabega yalikuwa yamepungua.

"Karibu, Baba Christa."

"Asante, Mama Christa."

Alimpa kiti na maji. Akakohoa, akangoja kikohozi kiishe. "Ulipasula?"

"Nilipasula."

"Ulikuta nini?"

"Musse tu. Nyeupe. Hakuna kitu ilifichwa ndani."

Christa alijifanya anatafuta kitu nje. Hotuba yote iliyeyuka, likabaki fungu moja.

"Siku ile nilikusikia," Kitsa alisema.

"Minajua. Kama ulikuwa haukusikia, singetoka kwako."

Hakulisema kwa hasira. Kitsa angependa hasira, kwa maana hasira angeweza kuijibu. Aliinamisha kichwa, na machozi yakamdondokea magotini bila yeye kuyazuia. Victoire aliyaacha yatoke, kisha akasimama, akamwita Christa, wakalibeba godoro wote watatu hadi chumbani.

Kitanda kilikuwa cha mtu mmoja. Kilikuwa kimesukumwa ukutani, na upande wa pili palikuwa na kitanda cha Christa, na katikati nafasi ya kupita mtu akiwa amejipinda. Walipolitandaza, godoro lilining'inia nje. Christa akatazama dari.

"Hii ni ya batu babili," Victoire alisema.

"Ya mutu moja haikukuwako."

Victoire alimtazama. Alikuwa ameishi naye miaka kumi na mitano na aliujua uongo wake hata kwa mgongo.

"Christa," akasema, "leta kisu ya jikoni."

Kitsa alipima kwa kiganja upana wa kitanda, akaweka alama, akakata. Alikata taratibu, moja kwa moja, kama anayekata nguo ya mtu mwingine. Kisha akashona ukingo wa lile la Victoire kwa mshono wake usioonekana. Kilichobaki sakafuni kilikuwa kipande chembamba, urefu wa mtu na upana wa mtu asiyegeuka.

"Hii mutafanya mito," alisema.

"Hapana. Utarudia nayo. Christa aliniambia unalalaka juu ya mbao."

"Nilishazoea."

"Nipe sindano."

Akachukua kitenge chake kimoja cha zamani, akakizungusha kile kipande, akakaa sakafuni akashona. Alishona haraka, akikohoa, mishono mikubwa mikubwa ambayo ungeiona ukiwa barabarani. Kitsa alikaa karibu akimtazama, na mara mbili alinyoosha mkono kutaka kurekebisha, mara mbili akaurudisha. Alipomaliza, Victoire alikata uzi kwa meno na kumrudishia sindano.

"Uende mapema," alisema. "Njia haiko nzuri."

Hakusema urudi. Hakusema usirudi. Alimsindikiza hadi kwenye ua, akasimama hapo, na Kitsa alipogeuka mara ya kwanza alikuwa bado yupo. Alipogeuka mara ya pili alikuwa ameingia ndani.

Kwenye kituo cha pikipiki dereva mmoja alikigusa kipande kile, akakiminya.

"Papa, hii unauzisha? Iko kidogo, itaenea mutoto."

"Hapana," Kitsa alisema. "Ni yangu. Bibi yangu ndiye alinishonea."

Dereva alitaka kukifunga nyuma kwa kamba. Kitsa alikataa, akapanda, akakikumbatia kifuani mpaka Butembo.