Tulikwenda Kutafuta Usingizi

Mwaka ule mke wangu alipofanyiwa upasuaji, nyumba yetu ya Makongeni ilijaa upendo mpaka tukakosa mahali pa kuuweka. Tulikuwa na vyumba viwili vya wafanyakazi wa reli, watoto watano, na mpwa wangu aliyekuja Nairobi kutafuta kazi na bado alikuwa akiitafuta. Kila jioni ndugu wa ushirika wetu wa kanisa walikuja kumtazama mgonjwa. Walianza kuimba wakiwa bado mbali, kule kwenye mfereji wa maji, ili mgonjwa ajue amekumbukwa. Wakiingia waliomba, wakashuhudia, wakaimba tena. Na mke wangu, ambaye hakuwahi kumwacha mgeni aondoke kwake bila chai, aliinuka kitandani akiwa ameshika tumbo, akawasha stovu.

"Mama, lala," nilimwambia.

"Nitalalaje na watu wameketi?"

"Msichana wetu atapika."

"Chai ya yule? Hiyo ni maji ya moto yaliyotishwa na majani."

Hakuna aliyekosea. Mpaka leo namshukuru Mungu kwa ajili ya watu wale, na wengi wao wametangulia. Lakini mwezi wa saba ulipofika mke wangu alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, na daktari alipomwona alinigeukia mimi.

"Kidonda kimepona vizuri," alisema. "Kilichobaki hakiuzwi kwenye duka la dawa. Huyu mama hajalala. Mrudi Jumanne ijayo, na nikimkuta hivi, namlaza wodini. Huko angalau mlango una askari."

Mke wangu alicheka, lakini mkono wake ulinishika koti kwa nguvu. Wodi ile aliijua. Katika majuma matatu aliyokaa mle, wanawake wawili wa vitanda vya jirani hawakurudi makwao.

"Usikubali nirudishwe kule," aliniambia tukishuka ngazi. Nilimwahidi, kisha nikarudi ofisini nikiwa sijui nitaitimiza vipi ahadi hiyo.

Ndugu walipolisikia jambo hilo walitambua kwamba usingizi aliokosa mgonjwa walikuwa wameuimba wao. Kisha mmoja wao, dereva wa lori, akasema kwamba katika njia zake za upande wa Ukambani huipita loji moja ndogo kando ya barabara. Hakuwahi kulala mle, ila ubao wake alikuwa akiusoma kila juma: vyumba safi, maji moto, chakula, mandhari ya kupendeza, utulivu. Neno la mwisho ndilo lililotukamata. Ndugu wakatuwezesha kwa mchango, jirani akakubali kuwaangalia watoto, na mwanangu mkubwa, kwa lugha yao ya mtaani, akasimama mlangoni akiwatangazia wenzake fungate ya wazazi wake: "Buda na mathe wanaenda hanimuni!" Mke wangu alimtupia kitambaa cha vyombo. Ilikuwa mara ya kwanza katika mwezi mzima kumwona akirusha kitu.

Tuliondoka Ijumaa mchana. Sasa ieleweke kwamba mimi nilikuwa karani wa reli, mtu wa kusoma na kuandika, lakini sikuwa nimewahi kulala mahali pa kulipia. Tuliposafiri tulilala kwa shemeji, kwa binamu, au kwa ndugu katika imani. Kwa hiyo mke wangu alijiandaa kama anayekwenda kwa watu: kiondoni alitia sukari, majani ya chai, mkate mrefu na kopo la mafuta ya kupikia. Nami nilimsifu kwa kukumbuka.

Tulifika giza likikaribia, tukapiga hodi langoni, tukasimama kusubiri kukaribishwa. Mwenye loji alitoka mwenyewe, mzee mwembamba mwenye buti za mpira, akatushangaa tunangoja nini. Aliweka kitabu cha wageni mezani, akatafuta kalamu. Kabla hajaipata, mke wangu alimpa kiondo kwa mikono miwili.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ya nyumba," alisema mke wangu. "Hatukutaka kuja mikono mitupu."

Mzee alichungulia ndani ya kiondo. Alitoa sukari, akaipima kwa mkono, akairudisha. "Mama," alisema, "tangu nifungue loji hii, wageni wamenichukulia mataulo matatu na taa moja. Hakuna hata mmoja aliyeniletea sukari."

Alikifunga kile kitabu. "Nyinyi si wageni wa loji," alisema. "Nyinyi ni wageni wangu."

Tulifurahi sana, wala hatukujua kwamba kwa neno hilo utulivu wetu ulikuwa umekwisha. Mgeni wa loji hupewa ufunguo akaachwa. Mgeni wa nyumbani huonyeshwa watu.

Kuhusu ule ubao, sitaki kumsema mzee vibaya, maana Mungu ni shahidi kwamba moyo wake ulikuwa mkubwa kuliko loji yake. Maji moto yalikuwa pipa jeusi lililosimama uani kungojea jua, na huo ulikuwa mwezi wa saba; jua tuliliona kwa kumbukumbu tu. Kitanda kilikuwa na bonde katikati, na kila mmoja wetu alipojaribu kulala pembeni, tulikutana pale chini. Mpishi alikuwa ameolewa juma lililotangulia, akahamia kwa mumewe. Dirisha nalo lilitazama ukuta wa matofali, hatua nne kutoka kitandani.

Kilichokuwa nyuma ya ukuta huo tulikijua Jumamosi alfajiri. Kilikuwa kisiagi cha mahindi. Injini ilikohoa mara mbili, ikanguruma, na loji nzima ikaanza kutetemeka. Kitanda chetu kilijisogeza kidogo kidogo mpaka kikaachana na ukuta. Mke wangu alikuwa amejifunika blanketi mpaka kichwani. Nikasikia sauti yake mle ndani:

"Baba, treni imefika Kisumu?"

Nilicheka mpaka nikaketi. Tukacheka sote wawili, huku unga ukiingia kwa dirisha na kututulia vichwani, tukawa kama watu walioota mvi pamoja.

Jumamosi ndiyo siku ya kusaga katika kijiji kile. Akina mama walipanga magunia yao tangu ukutani hadi barabarani, na mzee akawatangazia kwamba ana wageni kutoka Nairobi walioleta sukari. Basi kila aliyesubiri zamu yake alikuja kutusalimu. Walimletea mke wangu mayai, viazi vitamu, watoto wa kupakata. Kufika saa nne hakuwa amelala hata dakika moja. Nilikwenda kumtafutia uji, na niliporudi kitanda kilikuwa kitupu. Nilimkuta jikoni kwa mzee, ameketi kwenye kigoda, anageuza ugali.

"Mama!"

"Si nimekaa? Daktari hakunikataza kukaa."

"Alisema ulale."

"Huyu mzee alikuwa anachemsha maharagwe bila kuyaloweka. Ningelalaje nikijua hivyo?"

Mzee aliinamisha kichwa kama mtoto aliyeshtakiwa. Mke wangu alikuwa na furaha, sikatai, na sijapata kula maharagwe kama yale. Lakini ilipofika jioni uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu, na alipoinuka alishika ukuta kwa mikono yote miwili. Niliitazama mikono ile nikaihesabu siku iliyobaki. Usiku mmoja, mchana mmoja, halafu basi la saa tisa, halafu nyumbani kwenye nyimbo, halafu daktari. Niliomba, lakini niliomba kama mtu anayelalamika.

Katikati ya maombi hayo nikaitwa nje. Alikuja mama kiongozi wa kanisa la pale, mwanamke mnene mwenye sauti ya kujaza bonde. "Bwana asifiwe! Tumesikia kuna mtumishi kutoka Nairobi. Kesho utatupa neno." Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Nakiri nilifurahishwa na lile jina la mtumishi, maana kule kwetu nilikuwa mshika ufunguo wa kanisa tu.

Jumapili kisiagi kilinyamaza. Na jua likatoka, jua kweli, la kwanza kwa majuma mawili. Mke wangu alivaa nguo yake ya kanisa, akafunga kitambaa, akaketi kwenye mkeka kando ya ule ukuta wa matofali uliokuwa umeanza kupata joto. Akaniambia nifanye haraka. Nilikuwa natia viatu rangi. Nilipomaliza kimoja nikainua kichwa kumwambia jambo, nikaona ameegemeza shavu ukutani. Nilipoanza cha pili alikuwa ameteleza taratibu mpaka chini, mdomo wazi, anakoroma.

Kengele ya kanisa ikalia ng'ambo ya bonde.

Tangu niokoke sikuwa nimekosa ibada ya Jumapili kwa hiari yangu. Na safari hii nilikuwa nimeahidi neno; watu walikuwa wakiningoja. Niliinama nimguse bega. Mkono ulifika, ukakaa juu yake bila kugusa. Nilimwona mke wangu kama nilivyomwona miaka mingi kabla ya hapo, amelala baada ya kujifungua mtoto wetu wa kwanza, uso umelegea, hana deni la mtu. Nilivua koti la suti yangu moja, nikamfunika.

Nilimwendea mzee wa loji. "Nenda uwaambie siwezi kuja."

"Niseme sababu gani?"

"Sema mke wangu hajiwezi, nimebaki naye."

Hapo ndipo nilipokosea, na mtu wa ushirika kama mimi hakupaswa kukosea hivyo. Ukitangaza kanisani kwamba kuna mgonjwa, ibada huinuka na kumfuata. Ilikuwa hivyo Makongeni, na ingekuwa hivyo popote walipo watu wetu. Lakini nilikuwa nimejikalia, kiatu kimoja mguuni, nikiwafukuza kuku wasimkaribie, na sikufikiri lolote mpaka niliposikia ngoma.

Walikuwa wanashuka bonde, kanisa zima, wanaimba kwa sauti zote nne.

Nilikimbia. Nilishuka ile njia na kiatu kimoja, nikipunga kofia kama mtu wa reli anayesimamisha treni kabla ya daraja lililovunjika. Mama kiongozi aliponiona alishika kifua.

"Mtumishi! Mgonjwa amezidiwa?"

"Hapana! Amepata usingizi!"

"Usingizi?"

"Usingizi tu, mama. Ndio tuliokuja kuutafuta huku. Kule Nairobi tumeukosa miezi miwili."

Alinitazama, akautazama mguu wangu wa soksi. "Mmepanda basi," alisema polepole, "mkaja kulala nyuma ya kisiagi?"

"Ubao haukukitaja."

Alijiziba mdomo kwa leso, mabega yakimtikisika. Kisha akageuka, akainua mkono mmoja, na ngoma ikakatika.

Nilidhani watarudi kanisani. Hawakurudi, maana kumpita mgonjwa bila kufika kwake kungekuwa aibu. Walipanda njia ile kwa ncha za vidole, wazee kwa watoto, mpiga ngoma akiwa ameikumbatia ngoma yake kifuani isije ikagusa kitu. Waliketi kwenye nyasi, mbali kidogo na mkeka. Wakaomba kwa kunong'ona. Waliimba kwa kunong'ona pia, jambo ambalo sikujua kama linawezekana. Mtoto mmoja alipopiga chafya alifunikwa na leso tatu kwa wakati mmoja. Akina mama waliingia jikoni kwa mzee wakapika chai, na sikusikia kikombe kikigusana na kikombe.

Ilipofika zamu ya neno, nilisimama. Nilikuwa nimeandaa mahubiri ya vichwa vinne. Niliwaambia tu kwamba Mungu aliyeiweka siku ya kupumzika aliijua kazi ya akina mama kabla sisi waume hatujaijua, nikaketi. Amina yao ilipita kwenye nyasi kama upepo. Mama kiongozi aliniinamia akaninong'oneza, "Hayo ndiyo mahubiri. Mchungaji wetu angekuwa hapa ajifunze."

Saa nane hivi mke wangu alifumbua macho. Niliogopa, kwa sababu niliijua tabia yake. Aliwatazama watu wote wale waliomzunguka, na nikaona mkono wake unatafuta ardhi ili ajiinue. Watu hawajapewa kitu. Watu wameketi kwake.

"Bwana asifiwe," alisema kwa sauti nzito ya usingizi.

"Asifiwe," wakanong'ona wote pamoja.

"Mmekunywa chai?"

"Tumekunywa, mama," alisema kiongozi. "Hata wewe yako ipo. Itangoja."

Mke wangu alimtazama mama yule kwa muda, kama anayepima kama ni kweli. Mkono uliokuwa umeegemea ardhi ukalegea. Akalivuta koti langu mpaka shingoni, akageukia ukuta, na kabla watu hawajamaliza kutazamana akaanza tena kukoroma. Wale akina mama walishikana mikono, wakicheka bila sauti mpaka machozi yakawatoka.

Basi la saa tisa lilisimama barabarani likapiga honi mara mbili. Mzee wa loji alinitazama. Nilimwashiria kondakta kwa mkono aende zake. Mke wangu alilala mpaka magharibi, akala, akalala tena. Jumatatu nilifika ofisini saa sita nikakemewa ipasavyo, na Jumanne daktari alimvuta kope, akamtazama, akaturudisha nyumbani.