Kitufe cha "Nakuja"

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Tororo, Mkuu wa Mifumo alinikataza kugusa kompyuta. "Programu ya watu wengi haianzii hapa," alisema. "Nenda kaone mfanyakazi mmoja akitoka, wenzake wanafanyaje." Kazi hiyo tuliiita kukusanya mahitaji, yaani kujua programu itatakiwa kufanya nini kabla haijaandikwa. Vijana wa leo hutuma maswali kwa simu na kujibiwa na watu wasiotaka kusumbuliwa.

Baadaye nilipelekwa Malaba, kwa mawakala wa forodha, wale wanaoshughulikia hati ili lori livuke mpaka. Kila lori lilihitaji watu wawili: Naliaka upande wa Kenya na Opio upande wa Uganda. Walitaka kila mmoja aone kazi ya mwenzake ilipofika, bila kupigiana simu kutwa. Tulimuuliza Opio husema nini anapoiacha kazi.

"Mimi nasema tu nakuja," akajibu.

Meneja wa mradi alikuwa mtu wa haraka haraka, na baraka zake tuliziona. Akaagiza kitufe kiandikwe hivyo hivyo.

Siku ya majaribio, lori la vifaranga wa Mama Athieno, mfugaji wa Mella, lilifika jua likiwa kali. Opio akabonyeza "Nakuja", akaenda zake msibani Masinya. Naliaka akasoma, akamngoja. Kwetu mpakani mtu husema nakuja akiwa ameshakupa mgongo, nawe ukiuona mgongo unaelewa kwamba anaondoka. Skrini haionyeshi mgongo.

Mama Athieno akaja mwenyewe, akafungua boksi.

"Nyinyi nakaa tu, watoto yangu nakufa?"

"Pole, mama. Opio ameandika anakuja," Naliaka akasema.

"Anakuja kutoka wapi?"

Vifaranga wengi walikuwa wamekufa. Niliona aibu, na meneja nilimkasirikia waziwazi.

Mkuu wa Mifumo alikifuta kitufe kile. Mahali pake akaweka "Nimemwachia", na programu haikukubali mpaka utaje jina.

"Sasa mutu hawezi kwenda hata kukojoa?" Opio alinung'unika.

"Nenda," Mkuu akamjibu, "ila tujue lori liko kwa nani."

Mzigo uliofuata wa vifaranga Opio alimwachia wakala wa meza ya pili, naye akaumaliza. Mama Athieno hakutushukuru. Aliweka sikio kwenye boksi, akasikiliza, kisha akamwambia dereva aende.

Sasa nimestaafu. Wenzangu husimulia mifumo mikubwa waliyoijenga. Mimi nikiulizwa nilifanya nini, husema kuna vifaranga waliovuka Malaba wakiwa hai.