Upinde Wangu wa Kikubwa

Juzi hapa Tabata jirani yangu alikuwa akipasha mafuta ya nyonyo na kitunguu saumu, amkande mumewe kiuno. Harufu ikaingia dirishani kwangu, na bega langu la kulia likaanza kuuma. Halina ugonjwa, nawaambieni ukweli. Daktari alishalitazama akasema ni zima. Linakumbuka tu.

Miaka ile ya Ujamaa mama na mimi tuliishi Chanika, na Mjomba Athumani, mdogo wake mama, alikaa nyumba ya pili. Shule yetu ilikuwa na shamba la mihogo na mahindi, mambo ya elimu ya kujitegemea, na ngedere walijitegemea humo kuliko sisi. Mwalimu Sefu akatangaza kwamba darasa la sita litatoa walinzi sita, wavulana watatu na wasichana watatu, na silaha yao itakuwa upinde. Mlinzi angefungwa kitambaa cha kijani mkononi na kushinda shambani wenzake wakilima. Nilikitaka kitambaa kile kuliko nguo ya Idi.

Mjomba ndiye aliyejua kuchonga pinde, basi akapewa kazi ya kulichongea darasa zima. Wenzangu walipata pinde nyembamba, zilizokwanguliwa hadi zikawa laini. Wangu ulikuwa mnene kama mpini wa jembe. Nikamuuliza mbona vile.

"Huo wako wa kikubwa," akasema, bila kunitazama.

Nami kwa kujiona kwangu nikaupokea kama heshima, nikawaringia wenzangu njia nzima.

Nilifanya mazoezi wiki tatu, nikilenga mgomba nyuma ya jiko. Ugwe ulinichuna vidole. Mkono wa kushoto ulitetemeka hata nikishika kikombe cha chai, na bega la kulia liliuma hadi nikashindwa kuchana nywele. Kila alasiri mama aliniketisha kwenye mkeka, akapasha mafuta ya nyonyo, akanikanda kuanzia shingoni hadi kiwikoni, taratibu, akipuliza palipochubuka.

"Pole mwanangu. Kama unaumia hivi, si uache?"

"Siachi, mama."

"Haya." Akaendelea kukanda.

Sijawahi kumpenda mama kama nilivyompenda alasiri zile. Naomba mlishike hilo.

Siku ya kuchaguliwa, shina la mgomba lilisimikwa uwanjani na kila mtoto akapewa mishale mitatu. Rafiki yangu Mwajuma, kitoto chembamba kisichoweza kujitwika ndoo ya maji, akapachika miwili. Nikaingia mimi. Nikavuta, bega likawaka moto, mkono ukagoma, mshale ukaanguka miguuni pangu. Wa pili vilevile. Wa tatu ulikwenda hatua tano hivi, ukalala. Watoto walicheka hadi Mwalimu Sefu akageukia pembeni asionekane naye anacheka. Jina la Mwajuma likaandikwa, langu likaachwa.

Mwajuma aliponiona nalia akanipa upinde wake niujaribu, kunibembeleza tu. Niliuvuta hadi sikioni. Sikusikia maumivu yoyote mapya, na mshale ukazama katikati ya mgomba.

Nilikwenda mbio hadi kwa mjomba, nikautupa upinde wangu mbele yake. Hata shikamoo sikutoa.

"Kwa nini, mjomba?"

Akauokota, akapapasa pale alipopaswa kukwangua asikwangue. "Mie nimefanya alivyoniambia dada. Alisema ukishaumia utaacha mwenyewe."

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa ameshatandika mkeka, mafuta yako motoni. Nikakaa, nikampa bega. Mama hakuuliza kama nimechaguliwa. Alikuwa akilijua jibu tangu wiki tatu nyuma.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa alivyobanwa. Nilikaribia kuvunja ungo, na kwetu msichana wa umri ule hashindi porini na wavulana. Kumkatalia mwalimu hakuthubutu. Balozi wa nyumba kumi angefika mlangoni kuuliza ni nani humu anayepinga kujitegemea. Basi akauachia upinde ukatae badala yake. Hayo nayaelewa, na tangu tumzike nimemwombea mara nyingi.

Lakini sijayasamehe yote, na sitawadanganya. Angeniambia hapana, ningelia, ningenuna wiki nzima, yakaisha. Yeye aliniumiza kwa mkono mmoja akanikanda kwa mwingine, nami kila alasiri nikamwambia ahsante.

Juzi, jirani alipomaliza kukanda, nilimsikia mumewe akimshukuru. Nikaenda nikafunga dirisha.