Tulimwombea mahindi yakauke, tukamla kuku wake, na ufunguo wa kanisa ulikuwa kwa mfuko wangu

Wakuu, mulembe.

Hii nimeikalia wiki kadhaa nikiandika nikifuta. Leo naitoa yote, hata ile sehemu inaniaibisha, na hiyo ndiyo kubwa. Majina nimebadilisha. Kanisa sitaji, kwa sababu mama yangu bado anaimba choir huko na sitaki matusi yenu yamfikie.

Mimi ni mwalimu wa primary. Mzaliwa wa Kabuchai, lakini familia yetu ilihamia upande wa Tongaren, na huko ndiko nafunza. Miaka sita nilikuwa katibu wa kanisa letu. Katibu kwetu ndiye anaandika minutes, anasoma matangazo, na anashika ufunguo.

Kanisa lenyewe ni jumba la maana. Mabati juu, madirisha pande zote mbili, chini ni simiti laini kabisa, hata ukimwaga uji unaweza kulamba. Na hiyo simiti ilitoka kwa mahindi yetu. Mwaka wa ujenzi kila boma lilitoa gunia moja tukauza. Kuna mama mmoja alitoa mbili. Huyo ndiye naongelea.

Tumuite Mayi Nafula. Mayi kwetu ni mama, na huyu ni rika la mama yangu mdogo. Mume wake alipigwa na stroke, upande mmoja umekufa, analala tu. Mayi analima ekari moja na nusu na analea wajukuu wanne. Mahindi yake hauzi. Hayo ndiyo ugali ya hiyo nyumba mpaka mavuno ingine.

Sasa msimu uliopita mvua ilikataa kuisha. Novemba, wakati sisi tunategemea jua, inanyesha kila mchana kama April.

Wakulima mnajua machine ya kupukuchua hupita kijijini kwa zamu. Ikifika kwako unapukuchua, ikikupita umebaki nayo kwa gunzi. Yake ilifika asubuhi jua limewaka vizuri. Akapukuchua gunia tisa. Saa nane mvua hiyo hapo.

Kwa wale wa town: mahindi mabichi ikiwa kwa gunzi inaweza kungoja. Ikishapukuchuliwa ikaingia gunia ni siku chache tu. Inashika joto. Unaingiza mkono ndani unasikia moto kama paji la mtoto ako na malaria. Baada ya hapo ni ukungu, na mahindi ya ukungu ni sumu, sio kitu ya kucheza nayo.

Angeanika wapi? Nyumba yake ni vyumba viwili, chini udongo, kimoja kina mgonjwa. Majirani walikuwa wamejaza yao mpaka chini ya kitanda. Shule yetu ilikuwa na mitihani ya kitaifa, hata mimi mwalimu nilikuwa naingia kwa ruhusa. Kitale kuna dryer, lakini foleni ya lorry ilikuwa imetoka mpaka barabarani, na gunia tisa za mama mmoja nani atazipisha?

Jumatano akanijia.

"Mwalimu, nipatie kanisa siku tatu nne nianike. Nitafagia mpaka mjione kwa hiyo simiti."

Ufunguo ulikuwa kwa mfuko. Mlango uko hatua mia mbili kutoka pale tulikuwa tumesimama. Na mimi, mtu mzima na degree yangu, nikamwambia, "Mayi, ngoja kwanza niulize wazee."

Wakuu, sijui kwa nini sisi hatuwezi kufanya kitu ya wazi bila kikao. Mtu akizama tutaita kikao tuamue kama kamba ni ya kiroho.

Kikao kikakaa Alhamisi. Mwenyekiti wetu, nimwite Mzee Wafula, alistaafu serikalini na mpaka leo anaongea kama ako na secretary hapo nje. Mahindi yake yalikuwa yameenda Kitale na lorry, yakakauka, yakarudi, yakalala kwa store. Sina wivu. Nasema tu ili mjue nani alikuwa anaongea.

Mayi aliitwa ajieleze. Akasimama, sisi tumekaa.

"Mama, hii ni nyumba ya sala," mzee akasema. "Yesu mwenyewe alipindua meza za wachuuzi. Sasa sisi tugeuze madhabahu soko?"

"Siuzi, mzee. Ni ya kula."

"Ni hiyo hiyo. Wewe unasumbuka sana. Wasiwasi ni dhambi, mama. Angalia ndege wa angani. Wanapanda? Wako na store?"

Mayi akafikiria kidogo. Akasema, kwa upole kabisa, "Ndege wako kwa mahindi yangu saa hii, mzee. Wanakula tangu asubuhi."

Watu wawili wakacheka. Wakaona mzee hajacheka, wakanyamaza.

Mchungaji wetu ni kijana mpole, na upole wake ndio shida. Akasema tuliweke jambo hili mbele za Bwana. Basi ikaamuliwa dada yetu akumbukwe kwa maombi, na ujumbe wa watu watano umtembelee Ijumaa. Niliandika hiyo kwa minutes. Mwandiko safi, nikapiga mstari chini na ruler.

Ijumaa tukaenda, mimi nikiwa mmoja wa hao watano.

Kama wewe ni wa Bungoma tayari unajua nini ilifanyika. Kwetu mgeni wa maombi haondoki bila kula, na mgeni wa heshima hapewi mboga ya sukuma. Mayi alikuwa na kuku wawili. Tulipofika mmoja alikuwa kwa sufuria.

Tuliomba kwanza. Mzee Wafula akaweka mkono juu ya gunia akaukemea unyevu. Naapa. Aliukemea unyevu kwa jina la Yesu, na mvua ikapiga mabati hapo juu mpaka ikabidi apandishe sauti ndio Mungu amsikie.

Halafu tukanawa mikono.

Imondo, firigisi kwa wenye Kiswahili safi, kwetu ni ya mwenye nyumba. Hiyo haina mjadala. Mwenye nyumba alikuwa amelala chumba cha pili, anasikia tukitafuna. Mayi akaiweka kwa sahani ya Mzee Wafula. Mzee akaichukua. Hakuuliza, hakusita, akaitia chumvi.

Kutoka ndani tukasikia mume, na ile sauti yake ya mdomo umepinda: "Wageni wameshiba?"

Mimi nilikuwa na paja mkononi. Nililirudisha kwa sahani nikasema tumbo linanisumbua, na huo ulikuwa uongo, tumbo lilikuwa sawa kabisa.

Kwa sababu hebu tuhesabiane dhambi kidogo. Watu watano wenye mahindi makavu nyumbani wametembea kwa matope kwenda kumwambia mwenye mahindi mabichi asiwe na wasiwasi. Wamekula nusu ya kuku wake wote. Na kanisa liko huko limefungwa, kavu, tupu, Jumatatu mpaka Jumamosi, linatunzia Mungu hewa.

Jumamosi asubuhi sikuuliza mtu. Nilifungua.

Mke wangu alikuja, na akina mama watatu wa mtaa. Tukapanga benchi upande mmoja, tukamwaga mahindi upande ule mwingine, tukafungua madirisha yote. Gunia mbili za chini zilikuwa tayari zimeanza kunuka kama pombe ya busaa. Hizo tukatenga. Zingine tukageuza mchana kutwa, na jua nalo likatuonea huruma. Jioni ile ya juu ilikuwa inalia kwa ukavu ukiishika. Ilibaki siku mbili hivi. Nikasema ibada ya kesho watu watakaa nusu ya kanisa, tutabanana, si tunabananaga hata kwa harusi.

Jumapili Mzee Wafula akawa wa kwanza kufika. Suti, Biblia ya zipu.

"Nani amefanya hii?"

"Ni mimi, mzee."

"Hii ni dharau kwa madhabahu."

Nikamwambia, "Mzee, siku ya mavuno si gunia zote zinapangwa hapa hapa? Wewe mwenyewe unazibariki. Ziko na tofauti gani na hizi?"

"Zile ni za Bwana."

"Na hizi?"

"Hizi ni za Nafula."

Sijaongeza chumvi hapo. Ni vile alisema, na hakuona shida yoyote.

Vijana wa ushering wakaambiwa wakusanye. Nilimwangalia mchungaji, mchungaji akaangalia viatu. Mayi hakubishana. Aliwashikia vijana mdomo wa gunia wakimwaga, na akawa anawaambia pole pole, msimwage nje. Zikawekwa veranda. Mimi nikanyang'anywa ufunguo hapo mlangoni, mbele ya choir, mbele ya mama yangu.

Mvua ikaja katikati ya ibada, na upepo. Mayi akatoka akasimama kwa veranda na leso yake, anafunika gunia moja na ingine inaloa.

Na msiniulize sermon ilihusu nini. Sawa, nitawaambia. Ilihusu yule mama mjane alimpikia nabii unga wa mwisho. Imani ya mama, utii wa mama, mama akatoa bila kunung'unika. Hakuna mtu alikumbuka kusema ati yule nabii ndiye alihakikisha unga wa mama hauishi. Hiyo sehemu tuliruka.

Mwishowe gunia tano ziliokolewa na vijua vya hapa na pale, na nne ziliharibika kabisa. Nyeusi. Broker mmoja wa Moi's Bridge alisikia akakuja kuzitaka ati za kulisha mifugo. Mayi akamfukuza, akasema hajui kama hiyo mifugo ina miguu minne ama miwili.

Sasa nipumue kidogo niongee mambo ya mistari, kwa sababu najua kuna mtu hapa tayari anaandika "Biblia inajipinga."

Hata mimi nilifikiri hivyo. Hapa unaambiwa uangalie ndege, hawaweki ghala. Pale unaambiwa uende kwa chungu, yule mdudu, ujifunze kuweka akiba wakati wa mavuno. Hapa usisumbukie chakula, pale asiyelisha watu wa nyumba yake ni mbaya kuliko mpagani. Hapa nyumba ya sala, pale ng'ombe yako akianguka kwa shimo siku ya Sabato unamtoa, hungoji kikao.

Nimekaa na hiyo Biblia usiku na mchana na nimeona hivi. Ile ya ndege ni ya kujisomea wewe mwenyewe ukiwa na hofu. Ile ya chungu pia ujisomee, ukiwa mvivu. Na ya ng'ombe unamsomea mwenye kufunga mlango. Sisi tumegeuza. Mwenye kushiba anajiwekea chungu, halafu anamtumia mwenye njaa ndege. Hapo Biblia imekosea wapi? Ni posta yetu ndiyo mbovu, barua zote zinafikishwa nyumba si yake.

Tumalize.

Siku ya mavuno ikafika, mapema Desemba. Mimi nilikaa nyuma kabisa karibu na mlango, mtu wa kawaida sasa. Gunia zimepangwa mbele, zimefungwa ribbon. Kila boma linaitwa, linaleta, kigelegele, mzee anapokea na kutaja.

"Boma la Nafula."

Nilijua hana gunia la kutoa, zile tano hazingemfikisha hata mavuno ingine. Nikainamisha kichwa ili nisione aibu yake.

Mayi akapita katikati na debe kichwani. Akaliweka chini, mbele ya madhabahu, akafunua.

Harufu ilifika kwangu nyuma.

Mzee Wafula akainama, akarudi haraka. "Mama, hii ni nini? Hii imeoza. Hii haiwezi kuletwa mbele za Bwana!"

"Ndiyo ile mliombea, mzee."

Mzee akalionyesha debe kwa kidole.

"Si unaona ni mbaya?"

"Naona," akasema. "Lakini nyinyi mliniambia nisisumbuke nitakula nini. Nikajua hata Yeye hasumbuki atapewa nini."

Hakupandisha sauti. Hakutoka nje kama vile mimi ningetoka. Alirudi kwa benchi yake, akakaa, akafungua kitabu cha nyimbo akangojea tuendelee. Ni mama yangu, kutoka kwa choir, alishuka akaenda akakaa karibu na yeye.

Wakuu, somo langu ni fupi. Kabla umwambie mtu Mungu atampa, angalia kama Mungu alishakupa wewe umpatie. Mimi nilikuwa natafuta jibu kwa kikao na kwa Biblia na jibu lilikuwa linanigonga paja nikitembea.

Toeni maoni yenu, hata mkinikosoa nitasoma. Wachungaji mlioko humu, hasa nyinyi, nawangoja. Ila kama jibu lako ni mstari, kwanza sema wewe mwenyewe uko na gunia ngapi nyumbani.

EDIT: Kuna mtu ameuliza Mayi anakula nini saa hii, na wengine mmeanza kuniita shujaa ati kwa kufungua kanisa. Nimempelekea gunia mbili kavu kutoka store yangu. Msinipongeze. Zilikuwa hapo ile Jumatano alikuja kwangu, na nafasi ya kuanika yake ningepata kwa store kama ningehamisha gunia zangu zote sebuleni. Hiyo haikunijia hata kidogo. Nilikuwa nafikiria kikao.