Kaeni Hapohapo Mlipo

Kunyamaza ni kazi ambayo Dorcas Tizzard hajawahi kuiweza, na huenda ndiyo maana walimpa kazi ya kusema na abiria. Mabasi madogo yanayopanda mlima kutoka bandarini hadi hospitali hayana dereva, yana Dorcas. Anakaa kwenye chumba nyuma ya kituo cha zimamoto, kule chini bandarini, anatutazama kwenye skrini, na spika iliyo juu ya mlango inamleta kwetu bila yeye kunyanyuka kitini.

Kiwanda cha samaki kilipofungwa, nusu ya kisiwa chetu cha Newfoundland ilihamia Alberta, upande wa pili wa Kanada, kutafuta kazi, dada zake wakiwemo. Yeye alikataa. Lakini kazi hii alikuwa nayo kwa majaribio tu, na bosi wake, Bwana Prentice kutoka Toronto, alimpa karatasi ya sentensi za kusoma. Nje ya hizo asiseme neno. Akikosea, ni Alberta.

"Jana ulimuuliza abiria habari za goti lake," Prentice alimwambia.

"Lilikuwa linamuuma."

"Halimo kwenye karatasi."

"Litakuwemoje, kipenzi, na limeanza kuuma juzi?"

"Na 'kipenzi' pia halimo."

Basi Dorcas akawa anasoma kama mtoto anayefundishwa sala, mpaka sisi abiria tukadhani wameweka sauti ya kurekodi. Mzee Leander Pike, ambaye tangu ujana wake alikuwa hajashuka basi bila kusema "asante, nahodha", akaacha kuaga. Alisema yeye haagi redio.

Siku moja ya ukungu, ndege wa baharini, shakwe, alitua mbele ya basi, juu ya jicho la kamera linalotazama barabara. Basi likasimama katikati ya mlima. Nilikuwa kiti cha nyuma.

"Abiria mnaombwa kubaki ndani ya gari," spika ikasema. "Msaada unakuja."

"Kanda hiyo," Mzee Leander akasema. "Itatuimbia hivyo mpaka Krismasi." Akavuta mpini wa dharura, mlango ukafunguka. Bi Effie Snook akakusanya mifuko yake amfuate. Nje hata ukingo wa barabara haukuonekana, na malori ya mafuta hushuka pale kwa kasi.

Spika ikakohoa.

"Leander Pike, rudisha huo mguu ndani."

Mguu ukabaki hewani. "Dorcas? Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi na ninakuona. Na wewe Bi Effie, kipenzi, weka mifuko chini. Kaeni hapohapo mlipo mpaka nije hapo mlipo."

Kwetu kila mama humwambia mwanawe maneno hayo, na aliyeambiwa habanduki mpaka amwone aliyesema. Dorcas yalimtoka tu. Tukakaa.

Baada ya kitambo shakwe akaona hatuna chipsi za kuiba, akaruka. Basi likalia kengele kwamba liko tayari. Mzee Leander akaweka kiatu mlangoni.

"Toa kiatu, nahodha, mwende," Dorcas akasema.

"Umesema tukae mpaka uje."

"Ni namna ya kusema tu."

"Mama yangu hakuwa na namna ya kusema. Alikuwa anakuja."

"Mimi nimeshakaa," Bi Effie akasema. "Sinyanyuki mara mbili."

Ndipo tukasikia sauti ya kiume. Prentice alikuwa amenyakua kipaza sauti.

"Abiria mnaombwa kuondoa vizuizi mlangoni."

"Na wewe mtoto wa nani?" Bi Effie akauliza.

"Mimi ni meneja."

"Sijauliza kazi, mwanangu. Mama yako nani?"

Tukasikia karatasi ikipinduliwa, kisha ikipinduliwa tena.

"Anaitwa Lorraine," akasema mwishowe.

"Lorraine wa kina nani?"

Prentice alipokuwa bado anajieleza, Dorcas alikwishavaa koti la mvua na kutoka. Kuacha kiti kazini ni kufukuzwa, alilijua hilo, lakini watu walikuwa wamekaa wakimngoja. Alifika amelowa, anahema, akashika nguzo ya mlango.

"Haya. Nimekuja."

"Umechelewa," Mzee Leander akasema, akatoa kiatu chake.

Mpaka tunafika hospitali, Bi Effie alikuwa anamweleza Prentice kwenye spika namna ya kumkanda Lorraine mgongo aliosema unamsumbua.

Dorcas alirudi chumbani akiwa tayari kubeba kikombe chake na kwenda zake. Alimkuta Prentice bado kitini, tai ameilegeza.

"Umeacha kiti," Prentice akasema.

"Nimeacha."

"Wameniuliza mpaka babu yangu alizikwa wapi."

"Ukawaambia?"

"Nilikuwa sijui. Wamenituma nikaulize." Akanyanyuka, akamsogezea kiti. "Siwezi kukaa hapa tena, Dorcas. Wewe baki, ni kazi yako ya kudumu. Goti, kipenzi, sema unavyotaka. Ila hilo la kwamba unakuja, uliseme siku ambayo uko tayari kupanda mlima."

Dorcas akavua koti. Akasema kupanda si tabu, kinachomuua magoti ni kushuka.