Kasha la Mayai na Wanja wa Mama

Sisi tuliokulia Kerege kabla nguzo za umeme hazijaifuata barabara ya Bagamoyo tulikuwa na saa zetu wenyewe. Asubuhi ilikuwa harufu ya korosho zilizobanikwa juu ya kipande cha bati. Mchana ulikuwa utomvu wa mabibo, uliotia mashati yetu madoa yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Alasiri ilikuwa mchezo wa kombolela, wa kujificha na kutafutana, na jioni ilikuwa sauti ya kila mama akiwaita wanawe mmoja mmoja. Kuku nao walikuwa sehemu ya saa hizo. Kila nyumba ilikuwa na wake, na kila mtoto alijua yupi ametaga na yupi ameanza kuatamia, kama watoto wa leo wanavyojua simu ya nani ina chaji.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko mingine yote, kuku hao walikufa. Kideri kilipita kijijini, na katika banda letu hakikubakiza hata mmoja. Baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi na seremala wa siku za mapumziko, aliona kwamba hatuna tena kuku wa kulalia mayai, akaamua kuunda kasha litakalofanya kazi hiyo. Mbao alizitoa kwenye kitanda chakavu. Kuta alizijenga mbilimbili, na katikati akashindilia usumba wa nazi ili joto lisitoroke. Chini aliacha nafasi ya taa ya chemni, juu yake akaweka bati la kutawanya joto, na pembeni akatoboa matundu ya hewa aliyoyaziba kwa magunzi ya mahindi. Joto likizidi, gunzi moja huchomolewa, likipungua, hurudishwa.

Kipimajoto hatukuwa nacho. Baba alitufundisha, mimi na mdogo wangu Saida, kufumba jicho na kuligusisha yai kwenye ukope.

"Mkono umezoea jiko na jembe, utakudanganya," alisema. "Ukope haujazoea kitu. Yai likikuchoma, joto limezidi. Likikupoza, limepungua. Ukiwa hulisikii, hapo ndipo."

Kasha lilikuwa limebakiza mlango tu alipougua. Homa ile haikumpa muda mrefu. Baada ya matanga, kasha lilibaki pembeni mwa chumba likiwa wazi upande mmoja, na wageni waliokuja kutupa pole waliweka mikoba yao juu yake.

Mama akaingia eda. Kwa desturi yetu mjane hukaa ndani, huvaa nguo isiyo na pambo, hajitii manukato wala hapaki wanja mpaka muda wake utimie. Huko Miono, ndugu wa Baba walikwisha kupanga mambo: eda ikiisha, mimi na Saida tukalelewe na Shangazi Zuhura, dada mkubwa wa Baba, na Mama arejee kwa wazazi wake. Hawakupanga kwa ubaya. Waliona kwamba mwanamke asiye na shamba wala mshahara hawezi kulea watoto wawili peke yake. Mama hakubishana nao. Aliwasikiliza hadi mwisho, akawaaga kwa adabu, kisha akaniambia nimletee nyundo ya Baba.

Wapita njia walisimama waliposikia nyundo ikigonga ndani ya nyumba ya msiba. Mlango ulitoka kombo kidogo, naye akaziba nyufa kwa vitambaa. Mayai tuliyapata kwa jirani yetu Mama Neema, Mkristo aliyetoka bara, ambaye mumewe alifundisha pamoja na Baba. Kuku wake wachache walikuwa wamesalimika kwa sababu aliwafungia mapema. Alikuja nayo katika ungo, akauweka miguuni pa Mama.

"Haya ndiyo niliyonayo, dada. Vifaranga wakitoka, tutagawana. Wasipotoka, tutakaa tulie tena. Si tumeshazoea?"

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mtu anayefikiri kwamba kutotolesha mayai ni kazi ya joto peke yake hajawahi kuifanya. Mayai hayana budi kugeuzwa, la sivyo kiini huganda upande mmoja na kifaranga hafiki popote. Taa haina budi kutazamwa, bakuli la maji halina budi kujazwa. Kasha lilitaka mtu asiyetoka nyumbani, na Mama alikuwa mtu asiyetoka nyumbani. Aliyageuza kabla ya kila swala, kwa mpangilio uleule, akianzia pembe ya mbali. Ili ajue lipi limegeuzwa, ilimbidi kila yai alitie alama. Kalamu ya risasi ya Baba ilikuwa imepotea katika pilikapilika za matanga, na mkaa ulipukutika. Ndipo akafungua sanduku lake, akatoa kichupa cha wanja wa manga asichoruhusiwa kukitumia, na kwa kijiti chake akaweka nukta moja juu ya kila yai.

Mama alikuwa na matumaini ambayo hakuyasema, lakini sisi tuliyajua. Vifaranga wakitoka, angekuwa na kazi. Akiwa na kazi, hakungekuwa na sababu ya kutugawa.

Wiki ya mwisho ya mayai kuwa kashani, Shangazi Zuhura alifika kutoka Miono. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, asiyepitwa na kitu. Tulimwamkia, akaitikia "marahaba" huku akiitazama nyumba. Mama alitoka chumbani, ambako alikuwa ametoka kupima joto la mayai. Salamu haikufika mwisho.

"Wifi," alisema Shangazi, "udongo wa kaka yangu haujakauka, nawe umeshapaka wanja?"

Mama aligusa ukope wake, akautazama weusi uliobaki kidoleni.

"Sijapaka, wifi. Nimepakwa na mayai."

"Usinifanyie mzaha. Nikirudi Miono nikaulizwa, nitasema nilichokiona."

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa. Mjane anayesemwa kwamba ameivunja eda yake, nani angemsikiliza akisema anataka kubaki na wanawe? Saida alinishika mkono.

Mama hakujitetea. Alimwongoza Shangazi mpaka chumbani, akaufungua ule mlango wa kombo, akatoa yai moja na kumpa.

"Fumba jicho. Liweke hapo kwenye ukope."

Nadhani Shangazi alitii kwa mshangao tu. Alisimama hivyo kwa kitambo. Kisha uso wake ukabadilika.

"Kuna kitu kinagonga humu," alisema polepole.

"Lisogeze sikioni."

Alilisogeza. "Kinalia." Akayatazama mayai yaliyokuwa kashani, kila moja na nukta yake nyeusi. "Hili kasha kaunda nani?"

"Kaka yako."

"Na huu mlango?"

"Mlango ni wangu. Huoni ulivyokwenda upande?"

Shangazi aliketi sakafuni. Saida, ambaye hakuwahi kujua wakati wa kunyamaza, alimsogelea akamchungulia usoni.

"Shangazi, na wewe umepaka."

Shangazi hakuufuta ule weusi.

Alikuwa aondoke kesho yake, akabaki. Si mayai yote yaliyoanguliwa. Yaliyoharibika Mama aliyafukia chini ya mpapai. Lakini waliotoka walijaza ungo wa Mama Neema na kapu letu. Shangazi alirudi Miono, na alichowaambia wazee hatukuambiwa. Tulichokijua ni kwamba hakuna aliyekuja kutuchukua.

Eda ilipotimia, wanawake walikuja kumtoa Mama, Shangazi Zuhura akiwa miongoni mwao. Alioga, akavaa kanga mpya, na mmoja wao akaomba wanja. Kichupa kililetwa kikiwa kitupu, kwa maana wanja wote ulikuwa umeishia juu ya mayai. Shangazi Zuhura alifungua mkoba wake, akatoa wanja wake mwenyewe, akamshika Mama kidevu na kumpaka, jicho hili kisha lile.

Majuzi nilipita Mapinga, mahali tulipookota mabibo, ambapo sasa viwanja vimepimwa mpaka mlangoni pa kila mtu. Kijana mmoja alinionyesha mashine yake ya kutotolesha. Inawasha joto yenyewe, inageuza mayai yenyewe, na jambo likienda kombo inampigia kelele kwenye simu, naye akiwa Kariakoo. Kifaranga hajakauka manyoya, picha yake imeshawafikia watu asiowajua. Ni kazi nzuri, nami nilimsifu kwa dhati; kwake vifaranga wanaokufa ni wachache kuliko kwetu. Nilimwomba yai moja, nikafumba jicho na kuliweka kwenye ukope. Alinitazama kwa huruma, akanionyesha tarakimu za joto zilizokuwa ziking'aa mlangoni.

Joto lilikuwa sahihi. Sikulisikia kabisa. Nilimrudishia yai lake, nikaaga, na nilipofika garini nilijitazama kwenye kioo. Ukope ulikuwa safi.