Mikono Miwili ya Kushoto

Fundi alikuwa amewashonea mabibi harusi wa mtaa mzima, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Ukichelewa kuja kupimwa, alikusema mpaka ukajuta kuchumbiwa. Lakini gauni la binti yake wa pekee lilimshinda. Alikata mikono miwili, yote ya kushoto. Ni kosa la mtu aliyeanza kazi juzi: kusahau kuigeuza karatasi ya kipimo kabla ya kukata mkono wa pili. Akajicheka, akakata tena. Kushoto na kushoto. Kitambaa kile kilikuwa kimekwisha dukani, kilichobaki mezani kilitosha jozi moja tu, na harusi ilikuwa wiki ijayo.

Kikulacho ki nguoni mwako. Dada yake, mtu asiyejua kubembeleza, alimwambia kitambaa hakina kosa, mwenye kosa ni yeye, akamkokota hadi zahanati kwa mshauri nasaha. Fundi alikaa amekunja uso. Yeye si mwendawazimu, alisema, na harusi hiyo anaifurahia kuliko mtu yeyote.

Mshauri, msichana ambaye Fundi angeweza kumzaa, hakubishana. Alisogeza kiti kitupu, akamwomba ahamie pale, aseme kwa niaba ya yule aliye ndani yake anayeharibu mikono ya gauni: anaogopa nini? Fundi aliona ni upuuzi mtupu. Akakitikisa kiti, akasema kinachohitaji fundi hapa ni huu mguu uliolegea. Mwishowe akahamia, kwa mzaha, na alipoketi mzaha ukamwishia.

"Akiondoka," alisema, "nitarudi nyumbani kumsalimia nani?"

Akalia. Alikuwa amemlea binti huyo peke yake tangu mumewe afariki, na hakuwahi kumwambia mtu kwamba anaiogopa nyumba yake mwenyewe. Aliomba apewe dawa ya kumfukuza huyo mwoga. Mshauri alimjibu kwamba anayefurahi ni yeye na anayeogopa ni yeye, na wote wawili wanampenda binti. Ukimfukuza mmoja mlangoni, ataingilia dirishani aje kushika mkasi.

Kesho yake alitandaza kitambaa cha mwisho. Binti alikaa kando akimshikia pini. Mkono wa kwanza ulitoka vizuri. Kabla ya wa pili, Fundi akauweka mkasi chini.

"Mwanangu, ndani yangu kuna mmoja hataki uende. Ndiye aliyekata ile mikono."

Binti alikuwa amejiandaa kwa lawama za kila siku, si kwa hili.

"Hata mimi ninaye, mama. Kila ukikosea, anafurahi."

Fundi alimtazama mpaka macho yakamjaa machozi.

"Basi mlete akae na wangu," alisema, "wafarijiane. Sisi tuna kazi."

Akaigeuza karatasi, akakata.